Mshale Chini ya Picha

Picha yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja. Ni mraba wa buluu wenye pembe zilizoviringwa. Ndani yake yumo mwanamke mweupe aliyeinamisha kichwa, na kifuani pake pana mduara mdogo, ambao ni kichwa cha mtoto. Niliikuta Jumamosi moja ya kiangazi imebandikwa ukutani kwenye uwanja wa michezo ya watoto hapa Kigali, kati ya bembea na dirisha la tiketi. Chini yake mtu alikuwa amechora mshale kwa kalamu ya wino mzito. Mshale ulielekeza nyuma ya jengo.

Mwanangu mdogo alikuwa na miezi minne. Dada yake, wa miaka mitano, alikwisha kupanda mtelezo na alikuwa akiniita nimtazame. Mdogo akaanza kuzungusha kichwa, kutafuta, kuuma ngumi yake, na kila mzazi anajua kinachofuata baada ya ngumi. Nikaketi kwenye ukingo wa saruji kando ya bembea, mahali ambapo ningewaona wote wawili, nikampa titi. Muda si muda akaja kijana wa pale, mpole kweli, mikono ameikutanisha mbele kama afanyavyo mtu anayezungumza na mkubwa wake. "Mubyeyi," akaniita, neno la heshima ambalo Kinyarwanda humpa mzazi. Nilipoitika kwa Kiswahili naye akahamia Kiswahili: "Samahani, mama. Mahali pa kunyonyeshea pako kule. Fuata tu mshale."

Nikaufuata. Ulinifikisha kwenye chumba kilichopakana na vyoo, chenye kiti kimoja cha plastiki, ndoo ya kudekia na harufu kali ya dawa. Huko maziwa hayakushuka. Mtoto alivuta, akaachia, akavuta tena, kisha akalia kilio cha mtu aliyedanganywa. Nje nilisikia sauti ya binti yangu ikiita, "Mama, umeniona?" na sikuweza kujibu kwamba nimemwona.

Uwanja huo sitautaja, na kijana yule sina kinyongo naye. Kazi yangu ni kufundisha fasihi, na tangu siku ile nimekuwa nikiusoma mshale ule kama ninavyousoma ubeti ulionikalia kooni.

Picha ni rahisi zaidi, kwa hiyo tuanze nayo. Ilichorwa na Mmarekani Matt Daigle. Mwaka 2006 ilishinda shindano la jarida la Mothering, kisha ikaachiwa watu wote waitumie bila malipo. Mtindo wake umetokana na alama za viwanja vya ndege zilizobuniwa Marekani miaka ya 1970, zile za mtu wa chooni na mtu wa lifti, watu wasio na nyuso wala vidole. Kuichora kwa mtindo huo kulikuwa uamuzi wenye maana. Ukitaka kitendo kionekane cha kawaida, kiweke katika ukoo wa alama za kawaida, kikae bega kwa bega na simu na mizigo. Hapo mchoraji amefaulu. Amefaulu zaidi kwenye shingo ya mama. Watu wengi wa ukoo ule husimama wima wakimwelekea anayewasoma. Huyu kichwa chake kimeinama, ana mwingine wa kumtazama. Kwa kuusogeza mduara mmoja kidogo kutoka mahali pake, mchoraji ameonyesha upendo bila kuchora jicho wala mdomo.

Lakini picha hii haina kitenzi. Mtoto ni duara na mkunjo, umbo lililotulia ndani ya umbo, na huwezi kujua kama ananyonya, amelala au amesusa. Haina mahali pia. Mama hana kiti, hana kivuli, hana ardhi chini ya miguu. Ni nomino tupu, na nomino tupu humtii yeyote anayeiwekea kiambishi. Ikiwa peke yake ukutani husema "hapa". Ukiichorea mshale husema "kule".

Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali: pa-, ku- na mu-. Hapa ni mahali dhahiri, unapoweza kupagusa kwa kidole cha mguu. Huku ni upande, eneo lisilo na mpaka. Humu ni ndani, penye kuta. Kinyarwanda kinavyo vilevile, ha-, ku- na mu-, na ndiyo maana wanafunzi wangu wa Kigali hawasumbuki navyo sana, kwa kuwa ha ya ahantu na pa ya pahali ni ndugu wa damu. Siku ile nilianza na pa-, kijana akanielekeza ku-, nikaishia mu-. Mita zisizozidi thelathini, na sarufi yote ya mahali nikawa nimeipitia na mtoto mwenye njaa mkononi.

Sasa neno lenyewe, na hapa nitakaa.

Nyonya. Litamke polepole. Sauti ny hupatikana pale ubapa wa ulimi unapoinuka na kubana kaakaa, hewa ikapita puani. Kisha fikiria kinywa cha mtoto aliye kifuani: ulimi wake unainuka na kuibana chuchu kwenye kaakaa, na pumzi inapita puani kwa sababu mdomo una kazi. Neno linafanya kile linachokitaja. Tena linakifanya mara mbili, nyo halafu nya, midomo ikiviringa kwanza kisha ikiachia, kwa kuwa hakuna anayenyonya mara moja akaacha. Watoto wenyewe hulirudia duara lile na kusema nyonyo, na hilo huwa jina la titi. Kinyarwanda kinasema konka. Hapo sauti imerudi nyuma kabisa, kwenye nk, karibu na penye kumezea. Kiswahili kimeusikia mdomo wa mtoto, Kinyarwanda kimelisikia koo lake. Nimeyatamka maneno haya mawili usiku mwingi nikiwa nimeinamisha shingo kama yule mwanamke wa picha, na kila mara nimeona yanakamilishana: nyonya linavuta, konka linameza.

Vitenzi vyote viwili ni vya mtoto. Mama anapoingia kwenye sentensi huingia kwa mnyambuliko. Nyonya huzaa nyonyesha, na konka huzaa konsa. Ni njia ileile inayoitoa washa katika waka, na katika Kinyarwanda kwatsa katika kwaka. Hakuna anayeweza kuwasha kitu kinachokataa kuwaka, na mama naye hawezi kunyonyesha asiponyonya mtu. Kauli ya kutendesha ina nguvu za viwango tofauti. Mwenye kulisha kwa kijiko anaweza kushindana na mtoto, pengine akamshinda, uji ukapita kwa nguvu. Kwenye titi hilo haliwezekani. Mtoto akifunga mdomo, sentensi imekwisha. Kwa hiyo -esha ya nyonyesha ni laini kuliko -esha ya endesha au -isha ya sukumisha: mama anatengeneza nafasi ili mwingine atende, na mtendaji wa kweli ana uzito wa kilo sita na hajui kukaa.

Kuna ushahidi wa upande wa pili, na umo katika siasa. Wazazi waliosikiliza redio ya Dar es Salaam baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 walilijua vizuri neno unyonyaji, jina la dhambi ya kuishi kwa jasho la mwenzio. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza inakuwaje kitendo cha mtoto asiye na hatia kikazaa shutuma nzito namna hiyo. Jibu limo kwenye umbo. Mnyonyaji wa Azimio ananyonya, lakini hakuna anayemnyonyesha. Ile -esha imeondolewa, na kitendo kilekile cha mdomo kimegeuka wizi. Ridhaa yote ya mama, uchovu wake wote, usiku wake wote vimebebwa na kiambishi kimoja kifupi.

Washairi wetu, nasema hili kwa upendo, wamelitazama titi kutoka upande mmoja. Shaaban Robert alipotaka kukisifu Kiswahili alishika methali ya titi la mama, lile ambalo utamu wake haupungui hata mama akiwa mbwa, na mpaka leo sherehe nyingi za lugha hii humrudia. Shairi hilo nalipenda na nalifundisha. Ila sauti yake ni ya anayenyonya. Mama aliyemo ndani yake ni utamu mtupu. Hana kiu ile inayokuja ghafla mara tu mtoto anapoanza kuvuta, hana mgongo, hana mtoto mwingine anayemwita kutoka juu ya mtelezo.

Mshale nao una kosa lake, na ni kosa la kinyume. Shairi limemsahau mama, mshale umemsahau mtoto. Unamchukulia mama kuwa mtendaji pekee, mtu mzima aliyeamua kufanya jambo fulani na anayeweza kusogea kidogo akalifanyie pembeni, kama mtu anayetaka kuvuta sigara. Lakini sarufi imekwisha kutuambia mtendaji ni nani. Mtoto wa miezi minne hana kesho na hana kule. Njaa yake ikimshika, pale ilipomshika ndipo hapa. Mama halichagui neno hilo, na mwenye uwanja hana uwezo wa kulihamisha.

Mwili nao una hoja yake. Mwaka 1948 Niles Newton na mumewe Michael Newton walichapisha jaribio dogo lililofanywa Marekani kwa mama mmoja na mtoto wake. Mama alinyonyesha akiwa ametulia, na siku nyingine akasumbuliwa kwa makusudi: miguu yake ilitiwa kwenye maji ya barafu, au akapewa maswali ya hesabu bila kupumzishwa. Alipotulia mtoto alipata wastani wa gramu 168 za maziwa. Aliposumbuliwa alipata 99. Aliposumbuliwa lakini akadungwa sindano ya homoni ya oksitosini, mtoto akapata 153. Maziwa yalikuwemo kifuani siku zote. Kilichokosekana ni mwili kuyaachilia, na mwili huyaachilia ukiona pametulia. Ndiyo kusema mahali ni sehemu ya kitendo. Barafu yangu mimi ilikuwa harufu ya dawa ya choo na sauti ya binti yangu upande wa pili wa ukuta.

Kabla ya maziwa kushuka, mtoto hunyonya upesiupesi, kama mara mbili kwa kila sekunde, vuta ndogondogo za kubisha hodi. Yakishuka, mwendo hubadilika: mara moja kwa sekunde, vuta ndefu, kila moja na mezo lake. Kisha hupumzika, mkono ukafunguka, kisha huanza tena. Sikio lililozoea mashairi haliwezi kukosa kuisikia mizani hapo, tena mizani yenye mabadiliko, mwanzo wa kasi unaoita na mshororo mrefu unaoitika. Mizani hiyohiyo ndiyo mama huikuta mwisho wa mwezi kituo cha afya, ikining'inia na mshale wake, ikimwambia mashairi ya usiku yameongeza gramu ngapi. Siku ile nilihamishwa katikati ya kasi ya mwanzo. Hodi zilikwisha kupigwa, mlango ulikuwa karibu kufunguka, nasi tukaondoka barazani.

Na kwamba nilikuwa kando ya bembea, hilo nalo lugha ina neno juu yake. Bembea na bembeleza hukaa pamoja masikioni mwetu. Wimbo wa kumlaza mtoto ni wimbo wa kumbembeleza. Wanyarwanda huziita nyimbo hizo ibihozo, kutokana na guhoza, kumtuliza aliaye mpaka anyamaze. Ukizisikiliza upande huu na ule, umbo lake ni moja: mstari mfupi, unakwenda kidogo, unarudi ulikotoka, unakwenda tena. Kamba ya bembea haifanyi tofauti. Mama anayenyonyesha chini ya bembea amekaa katikati ya msamiati wake.

Mtu aweza kudhani kwamba nchi hii haijazoea jambo lenyewe. La hasha. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kaya wa 2019–20 ulikuta kwamba watoto 81 katika kila 100 walio chini ya miezi sita nchini Rwanda wananyonya maziwa ya mama tu, bila maji wala uji. Miaka mitano kabla yake walikuwa 87. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 humpa mama muda wa saa nzima kila siku ya kazi kwa ajili ya kunyonyesha mpaka mtoto atimize mwaka, na mwaka 2023 likizo ya uzazi iliongezwa kutoka wiki 12 hadi 14. Sokoni Kimironko muuza nyanya huhesabu chenji kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa chini ya kichwa cha mtoto. Kwenye basi la Nyabugogo, kanisani, kwenye foleni ya benki, titi hutoka na kurudi bila kichwa kugeuka.

Mbona basi mshale ukaonekana pale tu penye tiketi na muziki?

Nimelifikiria sana hili, na jibu langu ni kwamba soko na uwanja wa burudani ni maandishi ya tanzu mbili. Soko tumelirithi. Hakuna aliyeliandikia kanuni za mahali pa kunyonyeshea, kwa sababu wanawake walikuwamo tangu mstari wa kwanza. Uwanja wa burudani umekuja ukiwa umekamilika, na sare zake, ratiba zake na alama zake ukutani. Picha ya Daigle ilikuja pamoja na hayo. Huko ilikochorwa ilikuwa jibu: mama alikuwa akiambiwa ajifunike au aondoke, na picha ikasimama mlangoni kusema, kaa, unaruhusiwa. Huku ililetwa bila lile swali. Pale ambapo hakuna aliyemfukuza mama, tangazo la ruhusa halina kazi ya kufanya, na mtu mwenye nia njema kabisa akalitafutia kazi kwa kulichorea mshale. Ruhusa ikawa mpaka. Wahakiki wa fasihi tumeliona hili mara nyingi kwenye tanzu zinazosafiri, soneti kwa mfano: umbo hufika kamili, sababu yake ikabaki nyumbani.

Sikikatai chumba. Wapo mama wanaokihitaji, wanaokamua maziwa ya kuacha nyumbani, wenye maumivu, wenye mtoto anayeshtushwa na kila honi. Jirani zangu wengi hawafungui vazi mbele ya wanaume, na chumba safi chenye kiti cha kuegemea ni heshima kwao. Chumba ni jambo jema. Kosa ni la mshale, unaoifanya humu kuwa mahali pekee.

Tena sisi tuna humu nyingine, nyepesi kuliko matofali. Mimi ni mtoto wa Biryogo, mtaa wa Kigali ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya barazani muda mrefu kabla ya bunge kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Nimekua nikiona wanawake wakitumia kanga na kitenge kwa kazi ambayo sikuwa na jina lake. Angalia mkono wa mama anayenyonyesha hadharani. Pindo moja la kitenge liko begani. Mkono wa kushoto umembeba mtoto, wa kulia unalivuta pindo lipite juu ya kifua, kisha vidole viwili vinalinyanyua kidogo karibu na pua ya mtoto ili apate hewa. Hapo amejenga ndani katikati ya nje. Ametengeneza humu juu ya hapa, bila kuondoka, na yeye ndiye anayeamua ukuta uwe mnene kiasi gani. Mtoto naye ana kura: mara nyingi mkono mdogo hutokea chini, hushika pindo, hulitupa, na jua likaingia. Kitenge hichohicho baada ya robo saa huwa mbeleko, mtoto yuko mgongoni, humu imehamia nyuma. Wanyarwanda wa zamani walibebea katika ingobyi ya ngozi, na ingobyi ndilo jina pia la machela ya kumpeleka mgonjwa. Neno moja kwa anayeanza maisha na anayehofiwa kuyamaliza, kwa kuwa wote wawili lazima wabebwe.

Kuna jambo moja zaidi kutoka Biryogo. Miongoni mwa Waislamu, mtoto aliyenyonya kwa jirani huwa mtoto wa jirani yule, na haruhusiwi kuoana na watoto wake. Wanakuwa ndugu wa kunyonya. Mama yangu aliweza kukutajia, nyumba kwa nyumba, nani alinyonyeshwa na nani mwaka ambao mama fulani aliugua. Aliyajua hayo kwa kuona. Kunyonyesha kulifanyika kibarazani, mchana, mbele ya wapitao, na macho ya wapitao yalikuwa daftari la mtaa. Siku posa ilipoletwa, mzee wa kike mmoja aliweza kusimama akasema, hawa wamenyonya titi moja, nilikuwapo. Nilikuwapo. Neno hilo lina pa- ndani yake. Mu- ya chumba cha nyuma haina shahidi.

Mwezi uliofuata nilikwenda na watoto Nyandungu, bustani kubwa iliyo bondeni, upande wa uwanja wa ndege, iliyofunguliwa kwa umma Julai 2022. Ni hekta 121 za ardhioevu na miti. Kabla ya kuanza kukarabatiwa mwaka 2016 bonde lile lilikuwa limechakaa kwa malisho na taka. Sasa ipo miti ya asili ipatayo 17,000 ya aina 55, njia za kutembea na za baiskeli zenye urefu wa kilomita 10, bustani ya mimea ya dawa, na nyingine ya kukumbuka ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1990. Kwa mhakiki kilichomo cha thamani zaidi ni vidimbwi vitano. Maji yanayoteremka kutoka vilimani kwa kasi huingia humo, hupunguza mwendo, huacha uchafu wake, kisha huachiliwa kidogokidogo. Maji yamefundishwa kukaa.

Kiswahili kingeweza kuviita vidimbwi hivyo maziwa madogo, na hapo ningecheka kwa furaha, maana ziwa kwa Kiswahili ni maji yaliyokusanyika na ni titi pia. Bado tunasema mtoto ameachishwa ziwa. Nchi za Maziwa Makuu, kwa sikio la mtoto, ni nchi za matiti makubwa. Kinyarwanda hakichanganyi: ziwa la maji ni ikiyaga, titi ni ibere, maziwa ya mama ni amashereka na ya ng'ombe ni amata. Watu wanaomjua ng'ombe kwa jina lake hawawezi kuyaita maziwa yake na ya mama kwa neno moja. Naupenda uangalifu huo. Lakini mbele ya vidimbwi vile nilishika upande wa Kiswahili. Kitu kilichokusanya, kikatulia, kikatoa kwa kadiri: ziwa.

Tulipata benchi kwenye kivuli, mafunjo mbele yetu, kwarara wakipiga kelele zao juu. Binti yangu aliokota majani na kuyapanga kwa ukubwa. Mdogo akauma ngumi. Nilitazama kulia na kushoto, nakiri, nikitafuta mshale. Kwenye benchi letu upande wa pili alikuwa amekaa mukecuru mmoja, bibi aliyevaa mushanana na kushika fimbo, akipumzisha miguu. Aliniona nikitazama. Akaigonga mbao ya benchi kwa kiganja, mara mbili, pale katikati yetu.

"Mwonse," akasema. "Mwonse, mwana wanjye." Mnyonyeshe, mwanangu.

Nikatoa titi. Zikaja zile vuta za haraka, za kubisha hodi, nyo-nya nyo-nya, na safari hii hakuna aliyetuhamisha. Nilisikia mchomo ule mdogo kifuani, kisha mwendo ukabadilika, ukawa mrefu, na mezo la kwanza likasikika mpaka kwa bibi, kwa sababu alitabasamu bila kugeuka. Mkono wa mtoto ukatoka chini ya kitenge, ukalikamata pindo, ukalivuta likaanguka. Nikaliacha.

Mshororo wa shairi letu una vipande viwili, ukwapi na utao, na kwa hesabu ya kila siku mtoto hunyonya hivyo pia, titi moja kisha la pili. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kumgeuza. Lakini katikati mdomo ulilegea, tone likabaki kwenye kona yake, vidole vikafunguka juu ya mbavu zangu. Utao ulibaki umejaa, ukiuma kidogo, unangoja. Binti yangu alikuja na jani kubwa kuliko yote, akaliweka juu ya miguu ya mdogo wake kama blanketi, akauliza kama tunaweza kwenda sasa. Bibi akaweka kidole mdomoni. Tukakaa.